Jiwe la Tairi la Nyuma

Nilifika Mpanda siku ya nne tangu nitoke Dar es Salaam, mgongo umekaza kama ubao, kwa sababu sehemu kubwa ya safari nilikaa juu ya kreti. Lilikuwa kreti la mbao lenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili, limefungwa kwa mikanda ya chuma, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kuegesha magari. Mwenye mzigo, mfanyabiashara wa Mpanda, alinipigia simu mara tatu kabla treni haijaondoka, akanisisitiza nisiliache hata nikienda kujisaidia. Nikaelewana na mlinzi wa behewa la mizigo, nikawa nalala humo humo, kati ya magunia ya vitunguu na pikipiki mbili zilizofungwa kamba.

Tabora tulikwama siku nzima na zaidi tukisubiri injini. Kaliua tukaiacha reli kubwa, tukaingia tawi la Mpanda, na tangu hapo treni ilikwenda kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha njiani. Miombo kushoto, miombo kulia. Kwenye vituo vidogo akina mama walituinulia chupa za asali na sahani za kuku wa kuchemsha. Nilinunua asali, nikailamba kwa kidole huku miguu inaning'inia mlangoni. Nina miaka arobaini na kitu na maisha yangu yamekuwa ya kuhama. Nimekaa Makambako, nimekaa Geita, nimekaa Masasi, nikavuka bahari nikakaa Uarabuni, na kila nilikofika nilijiambia hapa sasa ndipo. Mlangoni pa behewa lile nilijiambia tena.

Uarabuni nilifanya kazi miaka mitano kwenye jengo la kuegeshea magari. Mtu anaingia na gari lake, analiacha kwenye chumba cha chini, anakwenda zake. Mashine bapa, ambayo kimo chake hakifiki goti, inateleza chini ya gari, inatoa mikono minne ya chuma, inakumbatia matairi, inalinyanyua gari vidole vitatu juu ya sakafu na kulipeleka penye nafasi. Kwa kuwa humo ndani hakuna anayefungua mlango, magari yanapangwa yakibanana kama biskuti kwenye paketi. Hayo yote nilimweleza yule mfanyabiashara wa Mpanda kwenye simu, na yote yalikuwa kweli. Sikumweleza kwamba kazi yangu kule ilikuwa kushika kitambaa na kufuta macho ya mashine. Kila moja ina macho madogo ya kioo mbele, nyuma na ubavuni, na jicho likiingia vumbi mashine inasimama, maana haiwezi kujua kama inachokiona ni vumbi au mguu wa mtu. Miaka mitano nilifuta macho. Sikuwahi kubonyeza chochote, ila niliwaangalia sana waliokuwa wanabonyeza.

Mpanda nikashuka nikiwa fundi.

Bosi alikuja stesheni mwenyewe, kanzu nyeupe imeshapata wekundu wa vumbi kwenye pindo. Alikuwa mzaliwa wa mji ule, baba yake alitoka Ujiji na mama yake Tabora, mtu mpole, wa maneno machache, mwenye duka la mabati na saruji. Nyuma ya duka alikuwa na ghala kuukuu lililowahi kuwekwa tumbaku, na harufu ya tumbaku ilikuwa bado imo kwenye kuta, hasa mvua ikinyesha. Ghala lilikuwa kati ya soko na stesheni, mahali ambapo gari halina pa kusimama kwa sababu ya bajaji na bodaboda. Watumishi wa ofisini, wachimbaji wa dhahabu, watu wanaopanda treni, wote waliacha magari yao humo. Liliwahi kujaa hadi mtu wa mwisho anaingiza gari lake nusu, mkia umebaki nje.

Kabla yangu kazi ile ilifanywa na wanaume wanne kwa mikono. Kulikuwa na utaratibu ambao kila dereva wa mji aliujua: unaingia, unaweka nyutro, unaacha handibreki chini, unatoka na ufunguo wako. Gari linabaki huru ili wasukumaji waweze kulisogeza huku na kule bila kukutafuta. Na kwa kuwa sakafu ya ghala ilikuwa na mteremko kuelekea mfereji, kila gari liliwekewa jiwe nyuma ya tairi la nyuma. Likitaka kusogezwa, mmoja anainama kwenye tairi anapaza sauti, "Jiwe!" Maana yake msiguse, mkono wangu upo huku. Akishalitoa anasema, "Limetoka!" na wenzake wanaitikia ndipo wanasukuma. Miaka yote hiyo, wakaniambia, hakuna aliyewahi kukanyagwa hata kidole.

Aliyekuwa anainama kwenye tairi ni Msukuma mmoja mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini na kitu. Nilimwita kaka. Yeye aliniita bhabha, kama Wasukuma wanavyomwita mwanaume wanayemheshimu au wanayemtania, na kwangu mimi sikujua ni lipi. Tulipobandua mbao za kreti alizunguka mashine mara mbili, mikono nyuma.

"Huyu kobe anakula nini?"

"Umeme," nikamwambia.

"Basi hapa Mpanda atakonda."

Watu walicheka mpaka bosi naye akacheka. Kuanzia siku hiyo mashine ikaitwa Kobe.

Tulimwaga zege jipya, ila mteremko ule ukabaki kidogo, kwani mfereji haukuhamishika. Mwezi wa pili Kobe akaanza kazi, na watu walikuja na watoto wao kutazama. Kusema kweli ilikuwa raha kuiona. Ghala lililokuwa likibeba magari thelathini kwa kugombana sasa lilibeba zaidi ya arobaini kimya kimya. Wasukumaji watatu wakaambiwa asante. Wa nne, yule mrefu, bosi alimbakiza getini kwa sababu wateja walimwamini kuliko walivyoiamini mashine. Kazi yake mpya ilikuwa kuwaambia madereva kinyume cha alichowaambia miaka yote: sasa handibreki juu, gari lisiwe huru. Na sharti lilikuwa moja tu, bosi alilisema mbele yangu bila kupandisha sauti. Jiwe lisionekane tena sakafuni. Jiwe likikwama kwenye mkono wa mashine, mkono ukapinda, hakuna fundi wa kuunyoosha hadi ng'ambo.

"Siku nikiona jiwe," akamwambia, "na wewe nitakuaga."

Mchana mimi na yule Msukuma tulikula pamoja kwa mama mmoja nyuma ya duka, ugali na migebuka kutoka ziwani. Hapo ndipo aliponieleza kwa nini lile geti ni kila kitu kwake. Alikuja Katavi na ng'ombe wa baba yake, yeye na ndugu zake wakitembea kwa miguu toka kaskazini, wakifuata majani. Ng'ombe waliisha. Wengine ugonjwa, wengine kiangazi, wengine waliondoka kwa namna ambayo hakutaka kuieleza. Ndugu wakatawanyika. Yeye akabaki na mke na chumba cha kupanga mtaa wa Nsemulwa.

"Kwetu mtu aliyeondoka na ng'ombe harudi bila ng'ombe," alisema. "Hata watoto watakuimba. Kwa hiyo mimi, bhabha, nikitoka kwenye hili geti sina nyuma, sina mbele."

Alisema akitafuta miiba kwenye samaki, kama anazungumzia mtu mwingine. Nami nilimhakikishia kwamba maadamu mimi niko pale hatatoka. Nilimaanisha. Nilikuwa nimeanza kuupenda mji. Nilipenda ubaridi wa asubuhi za mwezi wa sita, na jinsi honi ya treni inavyofanya watu wote sokoni wageuze shingo mara moja. Nilikuwa nimenunua kitanda, mimi ambaye sijawahi kumiliki kitu kisichoingia begini.

Shida ni kwamba madereva hawakubadilika. Mtu aliyeacha gari nyutro miaka kumi ataliacha nyutro leo na kesho, huku anakuitikia "handibreki, sawa, sawa," na ufunguo ameshauweka mfukoni. Gari linabaki huru kwenye mteremko. Linaanza kutambaa lenyewe polepole kuelekea gari la mwenzake. Sasa wewe mlinzi wa geti utafanya nini? Alikuwa na jiwe moja jeusi, limelainika kama sabuni, alilolificha nyuma ya pipa la maji. Gari likianza kutambaa alilisukumia tairini kwa mguu, na Kobe akikaribia alilitoa haraka na kulirudisha nyuma ya pipa. Nililijua jiwe lile. Tulikuwa tunaangaliana, hatusemi.

Na alikuwa na mzaha wake. Kila Kobe alipoanza kutembea, hata kama ghala ni tupu, yeye alijishika kiuno na kupaza sauti, "Jiwe!" kwa sauti ile ya zamani, kisha akajiitikia mwenyewe, "Limetoka!" Wateja walipasuka kwa kicheko. Wengine walikuja wakaanza kumwomba: mzee, hebu mpigie Kobe jiwe lake.

Kiangazi kikaja. Vumbi la Mpanda mwezi wa nane si la kueleza kwa asiyelijua. Linaingia hata kwenye saa iliyofungwa. Kobe akawa anasimama kila hatua tatu. Anasimama, anawaza, anatoa mlio, mimi nabonyeza kwenye tableti ya kumwongozea, anakwenda hatua tatu tena. Wateja walioahidiwa dakika mbili wakasubiri ishirini. Mwenye safari ya treni akaachwa na treni. Bosi hakunigombeza, alinitazama tu, na siku moja akaniuliza kwa upole kama kweli Uarabuni hakuna vumbi.

Uarabuni vumbi lipo tele. Dawa yake niliijua kuliko mtu yeyote mkoani Katavi: kitambaa laini, maji kidogo, mara tatu kwa siku. Lakini kitambaa ndicho nilichokikimbia. Hapa watu waliniita fundi, walinipisha njia, walininunulia soda wanisikilize nikieleza. Nilijiona nimepiga magoti mbele yao nafuta vioo, nikashindwa. Badala yake nikatafuta ndani ya tableti mpaka nikapapata mahali pa kuzima macho. Kule nilikuwa nimewaona mafundi wakifanya hivyo wakati jengo ni tupu. Macho yakiwa wazi, taa ndogo ya kijani huwaka mgongoni mwa mashine. Nikabonyeza, taa ikazimika, na Kobe akatembea moja kwa moja kama mtu aliyetumwa.

Yule Msukuma wa getini aliiona siku hiyo hiyo.

"Mbona kobe kafumba macho?"

"Ameshazoea njia," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akarudi getini.

Haikupita wiki tatu. Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko, ghala limejaa hadi mlangoni, na bosi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki pale pembeni na wageni wawili kutoka Sumbawanga waliokuja kuiona mashine, maana nao walitaka kuagiza. Mwenye Noah ya kijivu akaja kuchukua gari lake. Nikaita Noah kwenye tableti. Kobe akageuka, akaanza safari yake kati ya magari.

Noah ilikuwa imeachwa huru, na jiwe lilikuwa tairini. Yule mrefu wa getini alilikumbuka Kobe akiwa ameshafika nusu ya njia, na bosi yupo pale na wageni wake. Nikamwona anatembea haraka kuelekea kule, hakimbii, anatembea kama mtu anayekwenda kuangalia kitu kidogo. Akapotea nyuma ya magari. Kisha nikasikia, "Jiwe!"

Wageni walicheka. Bosi akawaeleza kwamba huyu ndiye mchekeshaji wetu. Nami nilicheka, macho yangu yako kwenye tableti, na kidole changu kikabonyeza kukubali, kwa sababu mashine ilikuwa inaniuliza kama inyanyue.

Sikusikia "Limetoka." Hilo ndilo ninalolikumbuka kila siku. Nilikuwa na nafasi ya kuhesabu moja, mbili, tatu, nikigundua kwamba hajajiitikia, na kicheko bado kimo mdomoni mwangu. Halafu akapiga ukelele ambao sitauandika.

Kumtoa kulituchukua muda, kwa kuwa sikujua jinsi ya kuurudisha mkono wa mashine nyuma. Sikuwahi kufundishwa. Walioinua gari ni wale wasukumaji watatu walioachishwa, waliokuwa wanabeba mizigo hapo sokoni. Waliingia wakainua Noah kwa mabega. Mmoja wao aliinama kwenye tairi, na kwa mazoea akasema, "Jiwe," kwa sauti ndogo, na wenzake wakaganda hadi aliposema limetoka.

Hospitali walikata vidole vinne vya mkono wa kulia. Dole gumba likabaki peke yake.

Jioni hiyo nilikwenda nyumbani kwa bosi nikamweleza kuhusu macho. Alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai.

"Ukisema hivyo, fundi, atakayeulizwa ni wewe, siyo mashine," alisema. "Utaulizwa hata vyeti vya ufundi. Unavyo?"

Sikuwa navyo.

"Jiwe lilikuwepo, halikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Basi andika hilo. Wewe una mwandiko."

Ni kweli, nilimaliza sekondari, na mwandiko wangu walimu waliusifu. Niliandika maelezo ukurasa mmoja: kwamba mfanyakazi aliweka jiwe sakafuni kinyume cha utaratibu, na kwamba aliingiza mkono kwenye mashine bila kutoa taarifa. Nakala moja ikapelekwa ofisi ya kazi. Yeye alipelekewa kitandani, akaambiwa ni karatasi za tukio, akaweka dole gumba la mkono wa kushoto. Hajui kusoma. Alipotoka hospitali, geti lilikuwa na mtu mwingine.

Mimi nikabaki. Nikayawasha macho ya Kobe. Kila asubuhi, mchana na jioni nilipiga magoti kwenye lile zege na kitambaa na bakuli la maji, na watu walipita wakinisalimia, shikamoo fundi, na hakuna aliyenicheka. Mashine haikusimama hovyo tena. Lilikuwa jambo jepesi kiasi hicho.

Nilikaa mwezi na nusu bila kwenda Nsemulwa. Nilipokwenda, nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje, mkono amepakata kama kitu cha kuazima. Mke wake alinikaribisha vizuri, akaniletea karanga, akaingia ndani. Tuliongea mvua, tukaongea bei ya mahindi. Halafu akaniomba nimsomee ile karatasi. Alikuwa nayo ndani ya mfuko wa nailoni.

Nilisoma yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Umeandika vizuri," akasema. Kisha, "Bila kutoa taarifa. Taarifa ni nini?"

"Ni kusema. Kuwaambia wenzako."

"Nilisema."

"Ulisema, kaka."

"Ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Mimi nilijua kobe hana macho," alisema. "Taa niliiona. Nilijiambia, yeye hanioni, lakini fundi ananisikia."

Nilimwambia nitaandika nyingine. Nikaiandika pale pale, juu ya goti, kwenye daftari la mtoto wa jirani: kwamba nilizima macho ya mashine, kwamba alipaza sauti kwa namna inayojulikana na wote, kwamba nilisikia nikabonyeza. Nikaisoma kwa sauti, nikasaini. Aliikunja kwa mkono wa kushoto, polepole, akitumia goti na dole gumba. Kisha akauliza kitu ambacho nilitegemea asiulize.

"Wakisema karatasi hii siyo yako, utakuwepo?"

Bosi alikuwa amemwambia kama ikionekana kosa siyo lake atamrudisha getini, mkono ule ule. Kwa hiyo karatasi ile ndiyo ilikuwa geti lake. Tukakubaliana tukutane ofisi ya kazi Ijumaa saa tatu asubuhi.

"Nitakuwepo," nikasema.

Alhamisi nilimpa mwenye nyumba kitanda. Nguo zikaingia begini kama zilivyoingia siku zote. Sikuamua, au naweza kusema niliamua zamani sana, kabla hata ya Mpanda, na mwili ulijua njia. Ijumaa asubuhi treni ilikuwepo stesheni. Nilipanda mapema, nikakaa upande usiotazama mji, kisha injini ilipopiga honi nikashindwa, nikaenda mlangoni.

Reli inapoanza kuondoka inakaribiana kidogo na barabara. Alikuwa anatembea pembeni mwa barabara, shati jeupe limepigwa pasi, mfuko wa nailoni ameushika mkono wa kushoto, wa kulia ameuficha mfukoni. Alikuwa anawahi. Honi ilipolia mara ya pili watu wote barabarani waligeuza shingo, kama wafanyavyo siku zote, na yeye akaanza kugeuza yake.

Nikarudi ndani.